Ghala la Wanaongoja

Nchi hii haimo katika ramani yoyote, kwa hiyo asitokee mtu akaapa kwamba ni ya kwao. Iliitwa Ugenini. Waliokaa humo walikuwa walowezi, wajukuu na vitukuu wa watu waliopakiwa melini kutoka Nchi Mama, wakaambiwa waende wakachimbe chumvi kwa ajili ya meza za huko. Wakaenda, wakachimba. Wakaoana, wakazaa, wakajenga mji mzima wa mawe meupe kando ya mabwawa ya chumvi. Hata hivyo jina la Ugenini halikubadilishwa, na mtu aliyesikika akisema "nyumbani" bila kuelekeza uso baharini alipelekwa darasani wiki nzima kufundishwa kwao ni wapi.

Ngwali Makungu hakuwahi kupelekwa darasani. Yeye alikuwa mwandishi wa barua za maombi, na meza yake ilikaa barazani pa Jumba la Gavana, mahali pa heshima, kwenye kivuli. Katika mji mzima hapakuwa na mtu aliyejua kumwandikia Mama, mkuu wa Nchi Mama, kama yeye. Barua zake zilianza kwa maneno kumi na manne ya unyenyekevu kabla hazijagusa shida ya mwombaji: sisi wanyonge, wadogo, wasiostahili, watiifu, wenye kuinamisha nyuso, na kuendelea. Watu walisema ukisomewa barua ya Ngwali unatoka umepungua urefu.

Kisha mkewe, Mize binti Faki, akashikwa na homa. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, akafa.

Ngwali aliijua sheria. Alikuwa ameshawaandikia wengi kuhusu sheria hiyo, tena kwa ustadi, na jioni alikuwa akirudi kwake kula vizuri. Iliitwa Amri ya Uhai. Ilikuja kwa meli miaka miwili nyuma, baada ya wakubwa wa Nchi Mama kugundua kwamba watu wa Ugenini walikuwa wakifa ovyo, bila kumshauri mtu, na kuacha kazi katikati. Amri ilisema: "Hakuna raia wa Ugenini atakayehesabika kuwa amekufa hadi kifo chake kitakapofikiriwa, kikajadiliwa na kukubaliwa na Ofisi ya Vifo katika Nchi Mama." Meli ilitumia siku arobaini kwenda na arobaini kurudi. Ofisi yenyewe ilikuwa ikifunguliwa Jumanne tu.

Mkaguzi wa Uhai alifika kabla ya adhuhuri, mtu mnene, mpole, mwenye daftari kubwa kwapani. Alivua kofia mlangoni.

"Hodi. Bi Mize hajambo?"

"Amekufa, bwana," Ngwali akasema.

Mkaguzi akatikisa kichwa kwa huruma. "Hilo ni ombi, Bwana Ngwali. Si habari. Habari itatoka kwa Mama."

"Mguse."

"Sina mamlaka ya kugusa. Nina mamlaka ya kuandika." Akaandika. "Yupo. Amelala. Anangoja jibu."

Majirani walikuwa wamejaa uani, lakini matanga hayakuruhusiwa kwa mtu aliye hai. Hakuna aliyeweza kusema pole. Walimpa Ngwali mkono mmoja mmoja wakisema, "Tunamtakia heri Bi Mize," kisha wakainamisha macho na kwenda zao.

Wanaongoja wote waliwekwa katika ghala kuu la chumvi, nyuma ya uwanja. Walilazwa safu kwa safu na kufunikwa chumvi hadi shingoni. Nyuso ziliachwa wazi kwa ajili ya ukaguzi. Siku Mize alipopelekwa walikuwamo watu mia mbili na tisini. Chumvi ilikuwa imewahifadhi vizuri mno. Mzee aliyekufa akicheka alikuwa bado anacheka. Ngwali alipotoka mlangoni alihisi kama mtu anayetoka chumba kilichojaa wageni walionyamaza kwa sababu yake.

* * *

Kila Jumatatu asubuhi palikuwa na mwitikio uwanjani. Mkaguzi alisoma majina ya raia wote, na kila mmoja aliitika, "Yupo." Wanaongoja waliitikiwa na jamaa zao. Kwa Jumatatu kumi na moja Ngwali alisimama mstari wa tatu na kusema "Yupo" mara mbili, mara moja kwa ajili yake, mara moja kwa ajili ya mkewe.

Kando yake alisimama Bi Somoe, mwoka mikate, mwanamke mrefu mwenye mikono iliyopigwa na joto la tanuri. Mumewe alikuwa ghalani mwaka wa pili sasa. Kila alfajiri alipeleka mkate mezani pa Gavana, na kila Ijumaa alikwenda na mdogo wake, Kijakazi, kumfuta mume chumvi kwenye kope.

"Umeshaandika?" alimuuliza Ngwali.

"Nimeandika. Meli itarudi mwezi ujao."

Meli ilirudi. Jibu lilikuwa kwamba pambizo la barua lilikuwa jembamba, na Mama hapendi kubanwa. Ngwali akaandika upya. Safari hii, kwa sababu ambayo hakuitafuta, neno moja la unyenyekevu lilimponyoka. Alilitafuta akiwa ameinua kalamu, akaliona, akaliacha. Siku themanini baadaye jibu likaja: ombi la kufa lisainiwe na mwombaji mwenyewe. Barua ya tatu ilikuwa na maneno manane tu ya unyenyekevu. Mama akaijibu kwa mapenzi makubwa, akatuma picha yake ya rangi, mapana yake kama mlango, itundikwe ghalani ili Wanaongoja wasijisikie wapweke.

Watu walianza kunong'ona. Si juu ya maiti peke yao. Walinong'ona juu ya chumvi, maana amri nyingine ilisema jamaa wa Anayengoja afanye na kazi ya mwenzake. Wajane walikuwa mabwawani wakichimba zamu mbili, na chumvi ikiwala vidole. Walinong'ona kwamba huko ng'ambo kulikuwa na Baraza Kuu, lenye viti vya kila jimbo, na Ugenini haikuwa na kiti hata kimoja. Bi Somoe hakunong'ona. Alisema hayo kwa sauti yake ya kawaida, akiuza mikate.

"Niandikie na hilo," akamwambia Ngwali. "Waambie tunataka watu wetu wakae pale wanapoamua habari zetu."

Ngwali akaandika. Maneno ya unyenyekevu yakabaki matano.

Ni wakati barua ile iko baharini ndipo lilipotokea jambo la Jumatatu. Mkaguzi alikuwa akisoma majina kama kawaida yake. Jua lilikuwa kali na uwanja mweupe ulichoma macho.

"Ngwali Makungu!"

"Yupo."

"Mize binti Faki!"

Ngwali alifungua kinywa, akakuta hamna kitu ndani. Hakuwa amekusudia kugoma. Alichoka tu, kama mtu aliyepanda ngazi na kukosa nguvu ya kukanyaga kipandio kimoja.

"Yupo," ikasema sauti ya mwanamke.

Watu wakageuka. Hawakumgeukia Bi Somoe wala Kijakazi. Waligeukia ghala, milango yake miwili mikubwa ikiwa imefungwa kwa komeo.

Mkaguzi akatia alama daftarini, akaendelea na jina linalofuata.

Mwitikio ulipokwisha, Bi Somoe alimshika Ngwali mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi, yeye mtu wa tanuri. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Ni yeye?"

"Ni sauti yake," Ngwali akasema. "Ila ina kiu."

Jumatatu iliyofuata hakuna jamaa aliyefungua kinywa. Hawakupanga, kila mtu alitaka tu kusikia kama na wake ataitika. Mkaguzi akaita. Kutoka ghalani zikatoka sauti kavu, moja baada ya nyingine, za watu wazima, za vikongwe, na moja ya mtoto mchanga ambaye hakuwa amejifunza kusema alipokuwa hai. Wanawake wakaketi chini uwanjani wakafunika nyuso. Bi Somoe alibaki amesimama wima, hata jina la mumewe lilipoitwa na kuitikiwa.

* * *

Gavana alifurahi kupita kiasi. Aliitisha mkutano uwanjani, akapanda jukwaani na suti yake nyeupe na mkanda wa dhahabu, akasema:

"Wapendwa wana wa Ugenini! Nimekaa nchi nyingi, sijaona uaminifu kama huu. Wanaongoja wamewashinda nyote. Hawalalamiki, hawachelewi, hawaombi. Wakiitwa, wanaitika! Nami nina habari njema. Mama amepokea ombi lenu la viti katika Baraza Kuu. Mama, kwa moyo wake mpana, amekubali! Ugenini imepewa viti vitatu."

Watu walisahau hofu yao wakashangilia. Kofia zilirushwa juu. Ngwali mwenyewe alijikuta anapiga makofi, akifikiri, Kumbe maneno matano yanatosha.

"Na nimeshawateua wajumbe," Gavana akaendelea, akifunua karatasi. "Nimetafuta watu wasioweza kununuliwa, wasio na tamaa, watakaokaa kwenye viti vyao kikao kizima bila kusinzia. Wote watatu nimewapata ghalani. Wa kwanza, kwa kuwa ndiye aliyeitika wa kwanza, ni Bi Mize binti Faki. Watasafiri Jumamosi."

Makofi yakafa. Gavana akangoja kidogo, akajipigia mwenyewe.

Viti vilianza kutengenezwa siku ile ile, vya mbao nzuri, na mikanda ya ngozi kifuani na kwenye paji la uso ili mjumbe asiiname. Ngwali alipita mbele ya karakana akaviona vitatu vimekaushwa rangi juani. Kimoja kilikuwa kidogo kuliko vingine. Seremala alikuwa ameshapewa vipimo.

Alikwenda moja kwa moja dukani kwa Bi Somoe. Kijakazi alikuwa akikanda unga. Hakuuliza kitu, alimsogezea stuli. Ngwali akatoa karatasi mfukoni.

"Nimeandika nyingine," akasema. "Sikilizeni." Akasoma: "Sisi watu wa Ugenini tutazika watu wetu siku ya Ijumaa."

Bi Somoe akangoja. "Endelea."

"Imekwisha."

"Mbona hujaomba?"

"Nimetafuta pa kuomba, sikuona."

Bi Somoe alifuta unga mikononi, akaifikiria karatasi ingawa hakujua kusoma. "Hilo jina lifute," akasema. "Hilo la Ugenini. Mama yangu amezaliwa kwenye chumba hicho hapo nyuma."

"Niandike watu wa wapi?"

"Wa hapa."

Ngwali akakata neno, akaandika juu yake. Sisi watu wa hapa tutazika watu wetu siku ya Ijumaa. Alinakili mara arobaini. Nakala zikabandikwa kwenye milango, visimani, na kwenye nguzo za mabwawa. Moja aliipeleka mwenyewe kwa Gavana. Gavana akaisoma, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele.

"Mwandishi," akasema, "hii imeanzia katikati. Mwanzo wake uko wapi?"

Ngwali alitaka kujibu, lakini alijua kwamba akifungua kinywa mbele ya meza ile, ulimi utarudi kwenye mazoea. Akainama kidogo tu, akatoka.

* * *

Ijumaa, jua lilipochomoza, ilitangulia mikokoteni ya mikate. Nyuma ikaja ya chumvi, na ya maji, na machela zilizotengenezwa kwa milango iliyong'olewa majumbani. Mlinzi wa ghala aliwatazama, akahesabu vichwa kwa macho, akawapa funguo. Mama yake mzazi alikuwa ndani.

Waliingia kimya. Picha ya Mama iliwatazama kutoka ukutani, ikitabasamu. Ngwali alimkuta Mize safu ya tisa. Hakutumia koleo. Alichimba kwa mikono, na chumvi ikamwingia kwenye mikwaruzo, akafurahi kuona kwamba inauma. Mkewe alikuwa mwepesi kuliko alivyomjua. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Ngwali alichovya leso kwenye ndoo, akamlowesha midomo pole pole, mara tatu, na wale waliokuwa karibu wakaona, nao wakafanya vivyo hivyo kwa watu wao. Kwa muda mrefu ghala zima lilikuwa na sauti ya maji tu.

Barabara ya kwenda kilimani ilipita mbele ya Jumba la Gavana. Huko walikuta askari wamepangwa safu mbili, bunduki mabegani. Mkaguzi wa Uhai alikuwa pembeni yao na daftari lake.

"Naona raia mia tatu," akatangaza kwa sauti ya masikitiko, "wakihama mji bila cheti cha safari."

Gavana alisimama kwenye roshani. Akaamuru askari walenge. Sajini wao, mtu mzima aliyezoea kula mkate wa Bi Somoe, alimgeukia Mkaguzi.

"Bwana, tukimpiga mtu atakufa?"

Mkaguzi akafungua daftari, akapitisha kidole. "Kisheria, si kabla ya mwezi wa tisa."

Askari wakashusha pumzi. Nyuso zao zikalegea. Wakapiga.

Bi Somoe alikuwa mbele kabisa, akivuta mkokoteni wa mumewe. Alikaa chini kwanza, kama mtu aliyechoka, kisha akalala ubavu. Mkokoteni ukarudi nyuma hatua mbili ukasimama. Moshi ulipotawanyika, watu walikuwa bado wamesimama pale pale, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na nafasi ya kugeuza mkokoteni.

Mkaguzi akatoka mstarini na kalamu yake. Akainama.

"Somoe binti Othmani!"

Akangoja, kalamu ikiwa juu ya daftari.

"Somoe binti Othmani!" Akaangalia ghalani, akaangalia mikokoteni, kama mtu anayetafuta msaada. Maiti mia tatu zilikuwa zimelala na midomo iliyoloweshwa, na hakuna hata moja iliyoitika.

Kijakazi akapiga magoti barabarani, akakiweka kichwa cha dada yake mapajani. "Amekufa," akasema.

"Dada, hilo ni om—"

"Amekufa," akasema Ngwali.

Hakulisema kwa nguvu. Lakini mtu aliye nyuma yake akalisema, na wa nyuma ya yule, likashuka barabara nzima hadi kwenye mkokoteni wa mwisho, likapanda tena. Amekufa. Watu waliokuwa wamekatazwa neno hilo miaka mitatu walilisema kila mmoja juu ya mtu wake, na kilio kikaanza, kilio cha matanga mia tatu yaliyocheleweshwa. Sajini aliweka bunduki chini. Alikuwa amefunika uso kwa mikono yote miwili. Mikokoteni ikapita katikati ya askari, na askari wengine wakasaidia kusukuma, maana kilima kilikuwa kikali.

Kabla ya adhuhuri Gavana na Mkaguzi walikuwa melini. Walichukua viti vitatu, vitupu. Inasemekana huko Baraza Kuu vilipangwa vivyo hivyo, na tangu hapo Ugenini haijawahi kupinga azimio lolote.

* * *

Nchi ikaitwa Hapa. Likaundwa Baraza la Hapa, la wanaume kumi na mmoja, ambao wanne kati yao walikuwako barabarani siku ya Ijumaa. Ngwali akafanywa Mwandishi Mkuu. Meza yake ikatolewa barazani, ikaingizwa ndani.

Wafu wote walikuwa wamezikwa, isipokuwa Bi Somoe. Baraza lilisema shujaa hawezi kufukiwa haraka haraka kama mtu wa kawaida. Angojee maziko ya kitaifa. Akarudishwa ghalani, katika chumvi safi, ndani ya sanduku la kioo. Maziko yakaahirishwa kwa sababu hotuba hazijakamilika. Yakaahirishwa tena kwa sababu ya ugomvi juu ya nani ahutubu wa kwanza. Kisha mwenyekiti akasema, machozi yakimlengalenga, "Ndugu zangu, taifa bado linamhitaji."

Mwezi wa saba Kijakazi alikuja ofisini kwa Ngwali. Alikuwa amekonda. Alibaki amesimama mbele ya meza.

"Kaka Ngwali, nimekuja uniandikie barua. Nataka kumzika dada yangu. Sijui kwa watu wa hapa barua inaanzaje."

Ngwali aliinua kalamu. Akaona mkono wake umeshaandika, peke yake, "Sisi wanyonge." Alikaa akiyatazama maneno hayo mpaka wino ukakauka. Kisha akasimama, akachukua kofia.

"Haianzi," akasema. "Twende."

Walikwenda mchana kweupe, saa ya walinzi kula. Kijakazi alishika mabega, Ngwali akashika miguu. Walimlowesha midomo. Walimzika kando ya mumewe, na Kijakazi akalia hadi akatosheka, na Ngwali akarudi ofisini na udongo kwenye viatu kungoja wamkamate.

Hakukamatwa. Kumkamata kungelazimu kutangaza kosa, na kutangaza kosa kungelazimu kusema kwamba sanduku ni tupu. Baraza lilikaa kikao cha faragha cha siku mbili. Kisha gunia la chumvi likavalishwa gauni la mwoka mikate, likafungwa kitambaa kichwani, likalazwa ndani ya kioo. Mwandishi Mkuu akaamriwa kusimama kando yake kila Ijumaa, wananchi wanapopita kutoa heshima. Ngwali akasimama. Alijiambia kwamba yule mwenyewe amelala kilimani, na gunia ni gunia.

Mwaka wa pili, kikongwe mmoja kwenye foleni alisita mbele ya sanduku. Mstari ukajikunja nyuma yake.

"Mwandishi," akasema. "Anapumua."

"Pita, mama. Wenzako wanangoja."

"Napita, mwanangu. Lakini anapumua."

Ngwali akamsogeza taratibu, akageuka kukifuta kioo, maana kilikuwa na ukungu. Alifuta kwa leso. Alifuta tena kwa mkono wa shati, kwa nguvu, huku watu wakitazama. Ukungu haukutoka. Ulikuwa upande wa ndani.